Baridi na Samaki Wake Sita

Kaka yangu alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Hata mama alimwita hivyo siku akimkasirikia. Kwa miaka ishirini na mitatu alifanya kazi katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, friji mbovu zimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na yeye katikati amepiga magoti, sikio amelibana kwenye mgongo wa mojawapo. Alisikiliza kwanza, akafungua baadaye.

"Mdogo wangu," aliwahi kuniambia, "watu wanadhani friji inatengeneza baridi. Haitengenezi kitu. Inatoa joto ndani inalitupa nje, basi. Mimi ni fundi wa wapagazi."

Siku ya maziko nilitakiwa niseme neno kuhusu maisha yake. Nilisimama, nikawashukuru waliokuja, nikakaa. Mchungaji akawaomba watu wanielewe. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile, ila yamegeuka kuwa habari za samaki kuliko nilivyotarajia.

Samaki wa kwanza aliletwa na mteja aliyekuwa anahama. Aliacha friji itengenezwe, na juu ya friji akaacha chupa ya jemu yenye samaki mwekundu wa urefu wa kidole, mapezi yake marefu yakining'inia kama kitambaa kilichochanika. "Nishikie na huyu," akasema, "narudi Ijumaa." Ijumaa zikapita, mteja hakuonekana. Baridi akambeba samaki hadi kwa muuza samaki wa mapambo, kuuliza anakula nini.

"Huyu ni beta, samaki mpiganaji," muuza samaki akamwambia. "Huyu ni dume, na dume anaishi peke yake. Ukimtilia dume mwenzake, kesho utakuwa na samaki mmoja na nusu."

Kaka alicheka njia nzima. Alikuwa hajaoa, na nadhani alijiona humo. Mwaka ule ule akaongeza wa pili, kisha wa tatu, mpaka wakafika sita. Matangi hakununua. Kila friji iliyomshinda aliichomoa droo ya chini, ile ya kuwekea mboga, ya plastiki inayoonyesha, akaisugua kwa chumvi. Droo sita akazipanga kwenye rafu sebuleni, na kati ya droo na droo akasimamisha kipande cha kadibodi ili wenyewe kwa wenyewe wasionane. Rafu akaisogeza nyuma ya friji yetu, kule kwenye zile waya nyeusi zinazotoa joto, kwa sababu beta hapendi maji ya baridi. Kwa hiyo samaki wa Baridi walikaa kwenye droo za friji wakiota moto wa friji. Majirani walipata la kusema.

"Baridi, hao umewagandisha lini?"

"Jana. Wewe njoo kesho, nafasi ipo."

Kuwatunza si kazi ngumu, ila haitaki kusahauliwa. Hawahitaji mashine ya hewa, maana wanapanda juu wenyewe kuvuta pumzi. Lakini tangi dogo huchafuka upesi. Kila siku ya tatu kaka alichukua mpira mwembamba, akafyonza uchafu wa chini pamoja na theluthi ya maji, kisha akajaza maji mengine polepole kwa kikombe. Maji hayo hayakutoka bombani moja kwa moja. Ya bombani yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa ile inawaunguza samaki. Lazima yakae kwenye ndoo wazi siku nzima na usiku wake mpaka dawa ipae. Kaka hakusema yamekaa, alisema yamelala. Chakula walipewa mara moja tu, alfajiri kabla hajaenda kazini: punje tatu kila mmoja, ndogo kama vichwa vya pini. Jumapili hawakula kabisa. Mama alikuwa akiwaita samaki wa dini.

Mama ana miaka themanini na kitu. Kumbukumbu zake zilianza kutoka miaka mitatu iliyopita. Anajua nyimbo zote za kitabu cha kanisa, lakini ukimuuliza kama amekula anatazama mikono yake kana kwamba jibu liko huko.

Kaka alifariki kazini, asubuhi. Fundi viatu wa jirani alimwona amepiga magoti, sikio kwenye friji, akadhani anasikiliza kama kawaida yake. Alipita pale mara mbili. Mara ya tatu ndipo akamwita. Daktari alisema ni moyo. Fundi viatu alikuja nyumbani akakaa mlangoni, akarudia neno lile lile, "Nilidhani anasikiliza, dada," na mimi ndiye niliyembembeleza.

Baada ya maziko, kina mama wa kikundi cha maombi waliniambia mama asiguse kitu. Amezika mtoto, apumzike. Niliwatii. Nikachukua kila kitu: kupika, kufua, kuteka maji, kumwogesha mama, samaki, na juu ya hayo kazi yangu ya kushona sare za shule hadi saa nane mchana. Nilisali nikiwa nimesimama, maana nikipiga magoti nilisinzia. Sijivuni nikisema hivyo. Ni aibu yangu.

Kila siku mama aliuliza Baridi yuko wapi. Kumdanganya sikuweza, ingawa wengine walinishauri hivyo. Nilimwambia, "Mama, kaka amefariki. Tumemzika." Alilia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, na kwake ndiyo kwanza. Nilikuwa nakigeuza kiti chake kielekee kwenye rafu, na wale samaki, mwekundu, wa buluu, mweupe mwenye madoa na wengine, wakatembeza mapezi yao mbele yake mpaka akanyamaza. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Ndiyo maana ilipofika wiki ya tatu nikamkuta wa buluu anaelea ubavu, tumbo limevimba na magamba yamesimama kama manyoya ya kuku aliyelowa, nilikigeuza upesi kiti cha mama asimwone. Baada ya siku nne akafa wa pili, vile vile. Nikaanza kuhesabu waliobaki kama mtu anayehesabu dawa.

Nilimwita muuza samaki. Ni mtu mnene, mpole, anayepumua kwa mdomo. Aliinama juu ya kila droo akanusa.

"Dada, unawalisha mara ngapi?"

"Mara moja. Punje tatu, kama alivyofanya marehemu."

"Basi kuna mwenzio." Alichota kwa kijiko masazo yaliyotuama chini ya tangi, yakawa uji wa kahawia. "Hiki ni chakula cha wiki nzima. Samaki hawa hawajui kukataa. Tumbo lao ni dogo kama jicho lao, lakini ukiwapa watakula mpaka wapasuke."

Tuligeuka wote wawili. Mama alikuwa kwenye kiti, kopo la chakula cha samaki mapajani, kifuniko mkononi.

"Wana njaa," alisema. "Hakuna aliyewapa kitu tangu jana."

Muuza samaki akaagiza siku tatu bila chakula. Nikalificha kopo nyuma ya mashine ya kushonea. Siku ya kwanza mama alilitafuta asubuhi hadi jioni, akafungua kila kabati, akanishtaki kwa mchungaji aliyepita kutujulia hali kwamba ninaiba. Siku ya pili nilirudi kutoka kazini nikakuta mkate umelowekwa katika droo zote nne zilizobaki, maji yamekuwa maziwa. Nilimwaga, nikasugua, nikamimina maji yaliyolala. Nilipomaliza, mgongo haukunyooka.

Hapo nikamfokea mama. Nilikuwa sijawahi kumfokea tangu nizaliwe.

"Unawaua, mama. Unawaua samaki wa kaka."

Alinitazama kwa utulivu. "Mwanangu atakaporudi ataniuliza nimefanya nini kutwa nzima," alisema. "Nitamwambia nilikaa?"

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika. Yaliyobaki yalikuwa haya: sina nguvu tena, na kama ni lazima niwaone wakifa mmoja mmoja mbele ya mama, heri waondoke wakiwa hai. Nikampigia simu muuza samaki. Akakubali kuja Jumamosi awachukue wote. Kuhusu mama, angelia na kuta.

Jumamosi alikuja na mifuko minne ya nailoni na raba za kufungia. Mwekundu, yule wa kwanza kabisa, alikuwa mzee sasa, rangi imefifia mabegani. Muuza samaki akanyoosha mkono.

"Nipe maji yaliyolala, dada. Nusu mfuko kila mmoja."

Nilichukua kikombe nikaelekea kwenye ndoo, niliyokuwa nimeiingiza na kuiweka pembeni ya kiti cha mama. Mama akaweka fimbo yake juu ya ndoo.

"Hayo hayajalala."

"Yamelala, mama. Ni ya jana."

"Ya jana uliogea. Haya umeyateka leo, kabla ya jua. Ulikuwa hujafunga kitambaa kichwani, na ulimwaga mengine mlangoni ukasema, 'Ee Bwana.'"

Nilisimama na kikombe changu. Mlangoni bado palikuwa na unyevu. Kweli niliyateka asubuhi ile, na kweli niliogea yale ya jana bila kufikiri. Ningekuwa nimewatia samaki wagonjwa kwenye dawa mbichi.

Muuza samaki alichuchumaa mbele yake. "Bibi, nani amekufundisha mambo haya?"

"Baridi. Mimi ndiye mlinzi wa maji." Fimbo haikuondoka juu ya ndoo. "Kazi nimeifanya vizuri, hakuna aliyewahi kunawa humo. Halafu huyu binti yangu akaniachisha kazi, bila hata barua."

Muuza samaki akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka. Niliona jioni zote za miaka mitatu: kaka anaingia, mikono ina grisi, anasimama mlangoni na kupiga saluti. "Mlinzi, yamelala?" Na mama anajibu, "Bado," au "Tayari, mkuu." Nilikuwa jikoni, nikidhani wanataniana. Kopo la chakula sikumbuki kuliona limeachwa mahali pa wazi. Sasa nafahamu kwamba kaka alikuwa akienda nalo kazini, mfukoni, kwa sababu lilikuwa likinuka kwenye koti lake na mimi nililalamika nikilifua. Alimwondolea mama kazi moja ambayo angeiharibu, akamwachia nyingine ambayo kuisahau hakuwezi kuidhuru. Mtu akiilinda ndoo mara mbili, ndoo haivimbi. Nami kwa huruma nilikuja nikamnyang'anya ile ile. Nilikuwa nikiiweka ndoo uani, nikiiingiza, nikiitoa, ili asisumbuke. Mikono yake ikabaki mitupu, ikatafuta kopo.

Sijui kama kaka aliyapanga haya akiwa amekaa chini na kufikiri, au alisikiliza tu kama alivyosikiliza friji, akajua joto la mama liende wapi. Hakuwahi kunieleza. Pengine alidhani naona.

"Naona mimi nirudi na mifuko yangu," muuza samaki alisema.

"Rudi nayo," nikamwambia.

"Yule mweupe sina hakika naye. Tumbo lake silipendi."

Mweupe alikufa Jumatatu. Wakabaki watatu. Nimewaweka mbalimbali kwenye rafu, kadibodi mbili sasa zinatosha. Ndoo imerudi pembeni ya kiti, na kopo liko kwenye mkoba wangu wa kazini, kati ya uzi na mikasi. Wenzangu wa karakana wameuliza harufu hiyo ni ya nini. Kazi haijapungua hata kidogo. Bado naamka nimechoka na kulala nimechoka, na bado mama huuliza Baridi yuko wapi, nami humwambia. Analia. Kisha huwa anakumbuka kwamba kuna maji ya kuangalia.

Juzi nilirudi, nikataka kunawa miguu kwa maji ya ndoo, kwa uchovu tu, kwa sababu yalikuwa karibu. Akanipiga fimbo ya kifundo cha mguu.

"Bomba liko nje."

Nilinawa nje. Niliporudi akaniita nisogee, akapunguza sauti kama mtu mwenye siri.

"Umewalisha?"

"Asubuhi, mama. Punje tatu tatu."

"Basi usiwape tena. Kuna mtu humu ndani alikuwa anawashibisha mpaka wanavimba. Sijamkamata bado."

Nilimwambia na mimi nitamtafuta. Mungu anisamehe hilo moja.