Mpini wa Mama Mkwe na Mashine ya Kukunjia Mabomba

Mashine yangu ya kukunjia mabomba niliichagua kwa mpini wa jembe, na mpini wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mkwe. Kila ninapoiona pale uani, imefungwa kwa boliti kwenye kisiki, namshukuru yeye kwanza, kisha mwenye duka, kisha mke wangu. Mimi najiweka mwisho, kwa sababu ningeachiwa nichague peke yangu ningenunua ile nyekundu.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kuomba kibali hata cha kupata tairi, ghafla tukawa tunapita madukani Songea mjini tukitumbua macho kama wageni. Nilikuwa nimenunua pikapu kuukuu mnadani, nikawa naiunda upya nyumbani, kipande kwa kipande. Ufundi sikuusomea. Nilikuwa karani wa ghala mwenye mashine ya kuchomelea na hasira za karibu. Umeme wetu ulitoka kwenye majenereta na ulikuja ukipenda. Ukiwapo nilichomelea, ukikatika nililalamika, na mke wangu alisema kulalamika ndiyo kazi niliyoifanya kwa saa nyingi zaidi.

Mama yake aliishi kijijini Maposeni na alikuwa na kidonda mguuni. Kila Jumamosi kilipaswa kufunguliwa na kusafishwa kwenye hospitali ya misheni. Daktari alikwisha sema wazi kwamba akiacha kuja, mguu utakatwa. Hospitali haikuwa mbali kwa mtu mwenye miguu mizima, lakini yeye hakuweza tena kutembea hata nusu ya njia. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi mimi na mke wangu tulitoka mjini kwenda kumchukua.

Shida ilikuwa kupanda gari. Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mkewe. Hampi mkono, hakai naye bega kwa bega, na akimsalimia humsalimia kwa mbali, macho chini. Kiti cha mbele karibu na dereva kilikuwa hakifai, basi mama alikaa nyuma kwenye benchi nililomtengenezea, na binti yake pembeni. Lakini pikapu ilikuwa juu sana kutoka chini, na mama alikuwa mtu wa mwili. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikachomelea ngazi nyuma ya gari, nikaamua kuweka na bomba la kushikia kila upande, ajipandishe mwenyewe.

Bomba la kwanza lilikuwa la maji. Nililijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha kwa vigingi, nikalipasha kwenye mkaa na kulikunja kwa kulizungushia rimu ya lori. Nikajisifu sana. Mchanga sikuushindilia vizuri, kwa hiyo penye kona bomba lilibonyea likafanya makunyanzi, lakini nililipaka rangi na kusema halionekani. Isitoshe lilikuwa nene. Hilo hata sikulifikiria.

Jumamosi iliyofuata mama alifika ngazi ya pili. Vidole vyake havikuweza kulizunguka bomba, mkono ukateleza, akaanguka akakaa vumbini. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nilisimama, mikono nyuma, nikimwangalia mke wangu na tumbo lake akiinama kumwinua mama yake, mpaka wanawake wa jirani walipokuja mbio. Mikono yangu ilikuwa mizima na haikuwa na kazi. Nilijichukia siku ile, na hata nikisimulia leo aibu inanirudia.

Baada ya hapo mama alituma neno kwamba haji tena. Hawezi kuwa anaangukaanguka mbele ya mkwe wake kila Jumamosi. Kama ni mguu, basi na uende.

Niliwaka. Nililaumu mila, nikalaumu bomba, nikamlaumu hata mtu aliyebuni pikapu. Mke wangu aliniacha nimalize. Siku mbili baadaye akapanda lori la mahindi kwenda Maposeni, akarudi jioni na mpini wa jembe usio na jembe. Akauweka juu ya meza, mbele ya sahani yangu.

"Mkono wake umelimia huu miaka yote," akasema. "Tafuta bomba lenye unene huu."

Mpini ulikuwa na sehemu mbili zilizong'aa kwa kushikwa, na hapo mti ulikuwa umelika kidogo. Nilizishika. Mkono wangu ulizidi. Kumbe mkono wa mama yule, niliyemwona mkubwa siku zote, ulikuwa mdogo.

Kesho yake niliingia dukani na mpini begani. Mwenye duka, Mwislamu mmoja mtaratibu aliyehamia kutoka mikoa ya pwani, alinikaribisha na kuniambia majembe yako upande wa pili. Nikamwambia nataka mashine ya kukunjia mabomba. Aliutazama mpini, akanitazama mimi, akanipeleka upande wa mashine.

Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza ndiyo ile nyekundu, ya jeki, nzito, ya kupampu kwa mkono, na kalibu zake, yaani vyuma vyenye mfereji wa kulazia bomba, zimepangwa sandukuni kwa ukubwa. Niliipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa ndogo ya mkono, ya mabomba laini ya shaba. Ya tatu ilikuwa kuukuu, imetupwa pembeni na vumbi lake, gurudumu moja la chuma lenye mfereji na mkono mrefu wa kuvutia. Alikuwa ameinunua kwa fundi wa viti aliyehama. Hiyo hata sikuiangalia mara mbili.

Nikamwambia mwenye duka afunge ile nyekundu, na bomba jembamba la kuundia viti la inchi moja na robo, kwa sababu geji yangu ya kupimia unene ilinionyesha hiyo ndiyo saizi ya mpini. Angeweza kufunga akanyamaza. Badala yake aliuchukua mpini mkononi mwangu, akatoa kalibu ya inchi moja na robo ya ile nyekundu, akaulaza ndani. Ukacheza. Ungeweza kuutikisa kama jino bovu.

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mkubwa wake. Mashine ile ni ya mabomba ya maji, na bomba la maji hupewa saizi kwa tundu lake la ndani. Bomba la viti hupimwa kwa nje. Inchi na robo ya huku siyo inchi na robo ya kule. Bomba jembamba likilegea kwenye kalibu, litabonyea penye kona.

"Utapata makunyanzi tu, ndugu yangu," akasema. "Na nyekundu hii nitakuwa nimekuuzia kwa dhambi."

Makunyanzi nilikuwa nayo tayari nyumbani. Tukaulaza mpini kwenye mfereji wa ile kuukuu. Ukakaa kimya, haukutikisika hata kidogo. Nikaondoka na ile kuukuu na bomba la viti, nikiitazama nyekundu mpaka mlangoni, lazima niseme ukweli.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alimwambia mama yake kwamba bomba jipya lina unene wa mpini wake. Mama alitoka nje akalitazama. Mimi nilikwenda kusimama mbele ya gari, nikaangalia radieta isiyo na shida yoyote. Nilisikia ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha benchi likalia.

"Mwambie mumeo," nikasikia akisema kwa sauti ya kunifikia, "nimelishika."

Alilishika Jumamosi baada ya Jumamosi. Mtoto wetu alizaliwa, akawa anasafiri naye nyuma. Kidonda kilipungua polepole, kikafunga, na mguu ukabaki. Halafu siku moja mke wangu alirudi kutoka Maposeni na ujumbe kwamba mvua zimekaribia na mama anataka mpini wake.

Nilinunua jembe jipya, nikalitia mpini ule. Jumamosi hiyo, kwa kuwa sikuweza kumkabidhi mkononi, niliuegemeza kwenye bomba nyuma ya gari, nikasogea pembeni. Akaja kwa miguu yake mwenyewe, akauchukua, akaenda shambani.