Mkasi na Kisu cha Umeme Kwapani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji Sumbawanga, nikiwa muuguzi mpya niliyetoka Mbeya na sanduku moja, Sista Msimamizi alinikabidhi trei ya vyuma akaniambia nivitaje kimoja kimoja. Nilikosea viwili. Akanirudisha nivichemshe vyote upya. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nampa daktari chombo kabla hajanyoosha mkono.

Enzi hizo za Ujamaa tuliitana ndugu, hata Daktari Mkuu wa Upasuaji. Wagonjwa wa saratani ya titi walitufikia wamechelewa, hivyo pamoja na titi tuliondoa tezi za kwapani, ambazo ugonjwa huzipitia unaposambaa. Kazi hiyo tuliifanya kwa kisu cha kawaida na mkasi. Kisha ikaja mashine ya kisu cha umeme, kinachokata huku kikiunguza mishipa midogo isivuje. Daktari alikipenda, nami pia, maana damu ya kuongeza ilikuwa adimu.

Mgonjwa wa kwanza, mama mkulima wa ulezi kutoka kijiji cha Pito, alipasuliwa kwa umeme mwanzo mpaka mwisho. Damu ilivuja kidogo tu, tukafurahi. Lakini aliyemsafisha kidonda ni mimi. Kwapa lilijaa majimaji, nikayavuta kwa sindano wiki baada ya wiki, na mkono haukupanda kupita bega. Siku moja aliniuliza taratibu kama atashika jembe tena. Nilichukua sindano nyingine nikaendelea kuvuta.

Alipoletwa mama wa pili, wa Kasense, nilimfuata daktari akinawa.

"Ndugu Daktari, naomba umeme uishie kwenye ngozi na mafuta. Kwapani tutumie mkasi. Yule wa Pito bado namvuta maji."

Alinawa mpaka viwikoni. "Atavuja damu zaidi."

"Nyuzi ninazo tayari. Tutafunga mshipa mmoja mmoja."

Tulichelewa kumaliza, na damu ilivuja kweli, lakini mshipa wa fahamu wa kwapani, ambao joto la umeme lingeweza kuudhuru, tuliuacha mzima. Majimaji yalikauka mapema. Msimu wa kupanda, mama huyo alikuja kutusalimia, akainua mkono juu ya kichwa bila kuambiwa. Tangu hapo daktari aliagiza vyombo vyote viwili viwekwe mezani.

Yule wa Pito mkono wake ulirudi nusu. Shamba lake walilima binti zake.

Nimestaafu nikiwa msimamizi wa chumba kilekile. Wauguzi vijana wakiniuliza kipi ni bora, nawaambia kila kimoja kina mahali pake, na anayesafisha kidonda ndiye anayepajua. Kusema siku ile sijutii. Ninachojutia ni kwamba nilimvuta mama wa Pito maji wiki zote zile bila kumwambia daktari.