Chungu Kilichokataa Kupungua

Yule mtu wa shati la maua alipoinamisha kichwa kuingia kwa Mama Filda, sote tuliishiwa kiu kwa mpigo mmoja.

Labda wewe msomaji unajiuliza, shati la maua lina nini cha kutisha?

Ndugu yangu, hukuwa Kampala mwaka 1975.

Shati la maua, miwani myeusi, suruali iliyopanuka chini kama kengele, viatu vya soli ndefu. Hao ndio waliokuwa macho na masikio ya serikali. Ukimwona mmoja kwa mbali, unavuka barabara. Akikuita kwa jina, basi hakuna haja tena ya kuvuka.

Sasa huyu hapa, Jumamosi, mchana kweupe, kwenye kibanda chetu nyuma ya maghorofa ya Bugolobi. Anatutazama mmoja mmoja.

"Jambo, bandugu," akasema. "Naweza ikala?"

Nani angemwambia hapana?

Lakini ngoja kwanza. Hata kabla huyo mtu hajaingia, mimi nilikuwa tayari kwenye matatizo yangu binafsi.

Naitwa Okullo. Nilikuwa nimemaliza Makerere karibuni, mwalimu mpya kabisa, mwenye suruali moja ya maana na matumaini ya kutosha nchi nzima. Niliamini mambo yatanyooka. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu hivyo, nao walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, nyonya kwanza."

Maana bia ya chupa ilikuwa imekimbia mjini. Ukitaka kreti moja, lazima umjue mkubwa anayemjua mkubwa. Kwa hiyo sisi vijana tuliosoma, tuliokuwa tukiwacheka wazee wetu na vyungu vyao, tulirudi kwenye malwa kwa adabu zote.

Malwa ni pombe ya ulezi. Inawekwa kwenye chungu kimoja kikubwa, inatiwa maji ya moto, mnakizunguka mkiwa na mirija mirefu, kila mtu na wake. Mnanyonya na kupiga soga. Kikishuka, mama mwenye pombe anaongeza maji ya moto, mnaendelea.

Na msidhani ni mambo ya ovyo. Chungu chetu kilikuwa na sheria kuliko bunge, hasa kwa vile bunge lenyewe halikuwepo.

Usipulize kwenye mrija. Usinyonye umesimama. Ukienda kujisaidia, mrija wako unashikwa na jirani.

Na sheria kubwa kuliko zote: hakuna mrija mkavu.

Mrija mkavu ni wa mtu anayejifanya ananyonya kumbe hanyonyi. Wenzake wanalewa, ndimi zinalegea, yeye ametulia na masikio yake. Mtu wa hivyo, miaka ile, alikuwa wa kuogopwa. Akikamatwa anapewa kibuyu kizima cha malwa, akimalize kwa pumzi moja mbele ya watu. Akikataa, mrija wake unavunjwa na hapati mwingine maisha yake yote.

Sasa hapo ndipo lilipokuwa tatizo langu.

Siku ile mrija wangu ulikuwa mkavu.

Sababu ilikuwa Acen. Acen alikuwa muuguzi, msichana mwenye cheko la kukufanya usahau ulichotaka kusema. Saa kumi na moja jioni ile ile nilikuwa natarajiwa Kibuli, nyumbani kwa baba yake mdogo, sajenti mstaafu wa polisi, Mwislamu safi asiyetaka hata kusikia neno pombe. Ndiye aliyemlea. Akisema ndiyo, naoa. Akisema hapana, nimekwisha.

Acen alikuwa ameniambia, "Okullo, mpaka siku hiyo ipite, hata tone. Niahidi."

"Hata tone," nikasema.

"Nitakunusa."

"Ninuse."

Kwa nini basi nilienda kwenye chungu? Kwa sababu Jumamosi ukikosekana, watu wanauliza umechukuliwa na nani. Nikasema nitakaa kidogo, nitafune njugu zangu, nitauweka mrija mdomoni kwa heshima, kisha nitaondoka taratibu.

Mpango mzuri kabisa. Mpaka shati la maua lilipoingia.

Olweny, mwenyekiti wetu, jitu la miraba minne lililofanya kazi ya ukarani kiwandani, alisimama akampisha kiti chake mwenyewe. Sijawahi kumwona Olweny akimpisha mtu kiti. Hata padri.

"Karibu, afande," akasema. "Mama Filda! Mrija mpya kwa mgeni!"

Mgeni akapokea mrija, akautumbukiza, akautia mdomoni. Miwani hakuivua.

Ogwal, dereva wa lori, ambaye dakika tano kabla alikuwa akilalamika kwamba amesahau hata ladha ya sukari, akakohoa.

"Jamani," akasema kwa sauti ya redio, "siku hizi sukari imejaa sana."

"Imezidi," Olweny akadakia. "Mimi nimefika mahali sukari inanichosha."

"Na sabuni?"

"Sabuni! Usiniambie. Naoga mpaka ngozi inaomba msamaha."

Mgeni akatikisa kichwa kwa nguvu. "Ni kweli, bandugu. Serikali ni mzuri. Mzuri sana."

Tukaogopa zaidi. Akisifu yeye, maana yake anapima sisi tutasifu kiasi gani.

"Hata mashimo ya barabara," Ogwal akasema, jasho likimtoka, "yamewekwa kwa mpango. Dereva halali."

"Mashimo ni mzuri sana!" mgeni akaitikia, karibu anapiga kelele.

Nikatazama mirija yetu. Yote ilikuwa midomoni. Mashavu yote yalikuwa yakiingia na kutoka. Olweny alikuwa akimeza kwa sauti, na baada ya kila funda anasema "Aaah." Nikajisemea moyoni: wenzangu ni majasiri, wanalewa mbele ya mtu kama huyu. Mimi peke yangu ndiye mwongo hapa.

Nikazidisha bidii. Nikasema "Aaah" kuliko wote.

Tukanyonya hivyo mchana wote. Jua likahama. Tulisifu chumvi ambayo hatukuwa nayo, tukasifu bei za petroli, Ogwal akasifu foleni ya mkate akisema inawakutanisha majirani.

Mama Filda akatoka na birika lake la maji ya moto. Huyu mama alikuwa amepika malwa tangu kwao Lira, na hakuwa na tabia ya kuchungulia chunguni kabla ya kuongeza maji. Hakukuwa na haja. Vijana sita hivi, mchana mzima, chungu lazima kiwe kimeshuka nusu.

Akamimina.

Povu likapanda, likafika mdomo wa chungu, likamwagika pande zote.

Mama Filda akasimama na birika mkononi. Akachungulia chunguni. Akatutazama. Akachungulia tena.

"Vijana," akasema polepole, "mnanyonya, au mnapuliza?"

Mashavu yetu yakaendelea kucheza.

"Toka mchana hiki chungu hakijashuka hata ukucha! Olweny! Hiyo 'aaah' ulikuwa unamwambia nani?"

Olweny akainamisha kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Ogwal akautazama mrija wake kana kwamba ndio umemsaliti. Tukageuka, wote kwa pamoja, tukamtazama mgeni.

Maana hata wa kwake ulikuwa mkavu!

Mgeni akaruka kusimama. Lakini zile soli ndefu hazikutengenezwa kwa kuruka. Mguu ukapinda, akapepesuka, akakipiga chungu teke, na wimbi zima la malwa ya uvuguvugu likatua mapajani mwangu.

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kijana wa rika letu, nayo yalikuwa yamejaa hofu.

"Bakubwa," akasema, mikono juu, "musinikamate. Miye ni Katembo. Fundi wa nguo, natoka Butembo, ngambo ya mpaka. Nimepanga chumba hapo nyuma. Banasema mutu akihamia hapa bila kusalimia banaume ba chungu, banamuzania mupelelezi. Ndiyo sababu nikakuya."

"Sisi tukukamate?" Olweny akauliza.

"Nyinyi si basoda, baaskari ba serikali? Barefu hivi, munasema Kiswahili ya jeshi, munasifu serikali saa yote..."

"Na hilo shati?" Ogwal akafoka. "Hilo shati, bwana!"

"Nimelishona mwenyewe," Katembo akasema kwa unyonge. "Kwetu ni mtindo."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Mama Filda, kwa sababu birika lilianza kutetemeka. Kisha Ogwal akaanguka chini. Olweny alicheka mpaka akalia, na alipolia niliona kilio hicho hakikuwa cha kicheko tu.

Tulikuwa tumekaa mchana mzima mbele ya chungu kilichojaa, kila mmoja akimwogopa mwenzake, hakuna aliyeonja.

"Haya!" Olweny akajifuta macho. "Sheria! Mirija yote ilikuwa mikavu, faini kwa wote. Kibuyu kimoja kimoja!"

Hiyo ilikuwa faini tamu kuliko zote duniani. Olweny akashusha chake, na safari hii "aaah" ilikuwa ya kweli. Ogwal akafuata. Katembo akanywa akakohoa makapi ya ulezi, tukampigia makofi, akawa ndugu.

Kibuyu kikafika kwangu.

Nilikipokea. Kilikuwa na joto zuri. Kilinukia kama nyumbani.

"Siwezi," nikasema.

"Acha utani, Mwalimu."

"Nimemwahidi Acen. Hata tone, mpaka nimwone baba yake mdogo. Naenda sasa hivi."

Vicheko vikazimika kidogo kidogo. Ogwal akasema, "Okullo, unanuka kama pipa. Utanuka bure? Kunywa, angalau ulipie harufu."

"Harufu ni ya suruali. Ahadi ni ya mdomo."

Olweny aliuchukua mrija wangu, akaushika muda mrefu. Nilikuwa nimeukata mwenyewe siku niliyopata kazi.

"Wewe ni ndugu yangu," akasema. "Lakini nikikuachia, kesho atakuja mpelelezi wa kweli na mrija mkavu, aniulize, mbona Okullo?"

"Najua. Vunja."

Akauvunja. Ulilia kama kijiti cha kawaida tu, lakini mimi niliusikia kifuani.

"Miye nimekumwangia," Katembo akasema, akivaa miwani yake. "Miye nitakusindikiza. Nitakuwa shahidi."

Sikuwa na suruali nyingine, na saa hazikuwa zikinisubiri. Tukatoka, tukavuka reli, tukapanda mlima wa Kibuli, mimi nikivuja na yeye akinishika mkono ili asianguke kwenye zile soli zake. Watu walitupisha njia. Mama mmoja alinitazama kwa huruma, akajifuta machozi. Sikuelewa kwa nini.

Nilielewa nilipomwona Acen.

Alikuwa langoni, kitambaa kipya kichwani, akinisubiri. Akatuona. Kisha akaja mbio, akasimama kati yangu na Katembo, mikono ameitandaza kama kuku anayelinda vifaranga.

"Mzee, tafadhali!" akasema. "Mmekosea mtu! Huyu ni mwalimu, hana siasa, hana ubaya na yeyote. Kama lazima mchukue mtu, nichukueni mimi. Huyu hata pombe hanywi!"

Wakati huo huo upepo ukageuka.

Acen akanusa. Akanusa tena. Akageuka polepole, akatazama suruali yangu.

"Okullo."

"Naweza kueleza."

"Dada," Katembo akaanza, "ni miye nilipiga chungu teke. Miye si serikali. Miye ni fundi."

Acen hakumsikiliza. Alinikazia macho kama anavyowakazia wagonjwa wanaokataa sindano.

"Fungua mdomo."

Nikafungua, pale pale njiani, watu wakitoka msikitini wakipita. Akasogea, akanusa kwa makini ya kazi yake. Nikaomba Mungu kwa lugha zote nilizozijua.

"Njugu," akasema hatimaye. "Njugu tupu."

Kisha akacheka lile cheko lake, huku machozi yanamtiririka, akanipiga ngumi ya kifua.

Kikohozi kizito kikasikika dirishani. Sajenti.

"Acen! Hiyo harufu ni ya nini nyumbani kwangu?"

Acen akajifuta uso, akajibu kwa sauti iliyonyooka:

"Ni ya suruali, Baba mdogo. Mwenyewe ni mkavu."

Nilipewa kanzu ya Sajenti nivae, nikaketi ndani yake kama shekhe, na mazungumzo yakaanza. Yalikwisha vizuri. Suruali ya harusi ilishonwa na Katembo. Ilipanuka chini kama kengele, lakini sikulalamika.

Tangu siku ile nimewaza sana. Nchi inaweza kukaa hivyo, watu wote wamekizunguka chungu kilichojaa, mashavu yanacheza, kila mtu anasema "aaah", na hakuna anayeonja, kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeogopa. Mimi bado naamini ipo siku mtu atamimina maji ya moto, chungu kitafurika, tutaonana usoni na kucheka.

Na mrija? Sheria ni sheria. Baada ya harusi nilirudi kwa Mama Filda, ahadi yangu ikiwa imekwisha, kiu ikiwa palepale. Olweny alinikumbatia, akanipa kiti kizuri, na birika.

Mpaka leo kazi yangu ni kuwaongezea wenzangu maji ya moto.

Ila nachungulia kwanza.