Vidole Vinne Chini ya Ubavu

Mimi ni mwoga. Naogopa nyoka, naogopa radi, naogopa simu ikilia kabla sijanywa chai. Lakini woga ulionikamata mwaka ule binti yangu aliporudi kutoka Biliqo, kijijini kwetu, sikuwa nimeujua kabla, na sitaki kukutana nao tena.

Alikuwa na miaka minane. Likizo yote alikuwa kwa mama yangu akichunga mbuzi na watoto wenzake. Kazi yao kubwa, kama ilivyokuwa yetu, ilikuwa kupanda juu ya vichuguu vya mchwa na kukaa hapo kuwaangalia mbuzi walioingia vichakani. Alirudi kwangu mjini, Bulla Pesa, amekauka kwa jua na ana furaha. Wiki ya pili homa ikaanza. Mwenye duka la dawa akanipa vidonge vya malaria. Homa ikashuka, ikapanda tena, nikampa vingine. Jirani akasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Zaidi ya mwezi ulipita hivyo, mimi nikiuza mitumba sokoni na kumtibu mtoto kwa kubahatisha, baba yake akiwa safarini na lori. Uso ulikonda, miguu ikawa vijiti, na tumbo likazidi kuvimba upande wa kushoto. Nikimwogesha nilikuwa natazama pembeni.

Kumpigia mama simu nilichelewa makusudi. Nilijua atakachokuja nacho.

Mama yangu ni mchomaji. Kule Biliqo mtoto akivimba tumbo upande huo, anaitwa yeye. Anapapasa chini ya ubavu na kupima kwa vidole uvimbe umeshuka kiasi gani, kisha anaweka chuma kwenye makaa na kuchoma ngozi iliyo juu yake mara tatu, ili ugonjwa upate mlango wa kutokea. Si mchawi wala si mtu katili. Ni kazi aliyorithi kwa mama yake, na watu wanamheshimu kwayo. Mimi mwenyewe nina makovu matatu tumboni, kazi ya mkono wake. Nilikuwa mdogo kuliko binti yangu, na ninachokumbuka zaidi ni harufu. Na nilipona. Hapo ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu kwa mama, mimi ndiye ushahidi kwamba moto unaponya.

Nilipompigia hatimaye, alifika kesho yake saa nane mchana, vumbi la safari hadi kwenye kope, na hakukubali hata maji. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akafumba macho, akapapasa.

"Vidole vinne," akasema kwa Kiborana. "Washa jiko."

Nikawasha. Naona aibu kuandika hivi, lakini ni mimi niliyepuliza yale makaa mpaka yakashika. Sijawahi kumwambia mama hapana, na zaidi ya hapo nilikuwa nimechoka kubahatisha. Angalau yeye alikuwa na uhakika. Akatoa chuma chake kwenye leso, msumari mrefu wenye mpini wa mti, akakilaza juu ya moto. Desturi inasema mama wa mgonjwa ndiye anayeshika miguu. Nikashika. Ilikuwa imekonda kiasi kwamba vidole vyangu viliizunguka vikakutana. Mtoto akanitazama, akauliza, "Mama, ni sindano?"

Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikuona ung'ongo, nilimwona nyoka mwenyewe, amelala kwenye makaa akianza kuwa mwekundu. Nikaachia miguu. Nikamnyanyua mtoto kifuani na kusema, "Twende hospitali kwanza. Wakishindwa tutarudi, utachoma."

Hakufoka. Ningefurahi kama angefoka.

"Wewe ulipona kwa nini?" akaniuliza.

"Sijui, mama. Lakini huyu hataweza. Hana mwili wa kuchomwa."

Aliinuka kwenye mkeka. Kisha akamwagia makaa maji, akakizungushia leso kile chuma kabla hakijapoa vizuri, akakitia kwenye mkoba wake. Alikuja nacho hospitali. Sote watatu tulipanda boda boda moja, mtoto katikati, na njia nzima mkoba ule ulikuwa unanigonga ubavuni.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulipoingia maabara, mzee mmoja mwenye miwani alimpapasa mtoto, akaniuliza tulikuwa wapi likizo, na nilipotaja Biliqo akavuta boksi la vipimo. Akamtoboa kidole, akachukua tone moja la damu na kuliweka kwenye kikaratasi chembamba, kama kile cha kupima mimba.

"Mstari mmoja, hana. Mistari miwili, ni kala-azar. Mngoje dakika kumi tu."

Mama akanisukuma nimuulize: tone moja tu?

"Mwambie shosho zamani haikuwa hivi," akasema yule mzee. "Tulikuwa tunaingiza sindano ndefu ndani ya bandama yenyewe, hapa penye imevimba. Mtoto anaweza kuvuja damu ndani na huioni. Hii kitu watafiti wameitafuta miaka mingi. Wengine walilala huko kwenu wakishika usubi kwenye vichuguu. Hako kadudu ndiko kanauma mtoto na kumpa ugonjwa."

Nikamfasiria mama. Akashtuka.

"Wale wenye taa? Tuliwacheka mpaka mbavu zikauma. Watu wazima, wamesoma, wanavizia inzi!"

Zile dakika kumi sijui nizielezeje. Nilitaka kuomba lakini sikujua niombe nini. Nikiomba mstari mmoja, basi hana ugonjwa ule, na hakuna ajuaye ana nini, na nimetoa ahadi ya moto. Nikiomba miwili, namwombea mwanangu ugonjwa ambao kwetu umejaza makaburi. Nikaishia kuhesabu vigae vya sakafu, nikikosea na kuanza upya.

Mstari wa pili ulijitokeza polepole. Nililia kwa sauti mbele za watu.

"Usilie, mama," mzee akasema. "Sasa tunajua, na dawa iko. Shida ni wale wanaletwa wamechomwa, vidonda vimeoza. Hao ndio wanatushinda."

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema tumewahi."

Hakuuliza tena. Mama anaelewa Kiswahili kuliko anavyokubali. Aliweka mkono juu ya mkoba, kisha akausukuma chini ya benchi kwa mguu.

Mtoto alilazwa. Sindano mbili kila siku, siku kumi na saba, na kila siku niliogopa jambo jipya: leo anatapika, kesho moyo unamwenda mbio, keshokutwa amelala mno. Mama hakutoka pale. Kila asubuhi alipapasa na kutangaza: vitatu na nusu, vitatu, viwili. Daktari mwanzoni alitabasamu tu, lakini baada ya kulinganisha na vipimo vyake akawa anamuuliza yeye kwanza. Siku ya mwisho mama alitafuta uvimbe akaukosa, akabonyeza zaidi, mtoto akacheka kwa kutekenywa. Mama alitoka nje akakaa juani peke yake. Sikumfuata. Najua ni watoto wangapi amewachoma, na najua si wote waliopona, na yeye anajua kuliko mimi.

Alirudi kwake Biliqo. Mvua zikaja, kubwa. Asubuhi moja simu ikalia kabla sijanywa chai.

"Ni mtoto wa jirani," mama akasema. "Vidole vinne. Nimewaambia ni hospitali, lakini mto umejaa, gari halijapita siku tatu. Wamewasha moto, wananiita. Baba yake amesema nisipochoma mimi atachoma mwenyewe, na yeye hajui mahali pa kuchoma. Niambie nifanye nini."

Niliinua macho. Binti yangu alikuwa mlangoni akifunga viatu vya shule.

"Usichome, mama," nikasema. "Wasubiri maji yapungue."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Bulla Pesa. Mama akajibu, "Haya," akakata simu, akaenda kukaa na wazazi wa yule mtoto mikono mitupu, bila chuma chake.