Benchi Nje ya Geti

Binti yangu alinijengea nyumba Nshambya, hapa Bukoba mjini, akanizungushia ukuta, kisha akarudi kazini kwake Mwanza. Alitaka nikae karibu na hospitali kwa sababu ya presha. Hakukosea. Lakini mtu aliyezoea kibanja, shamba la migomba lenye nyumba katikati, ukimfungia ndani ya ukuta, presha hiyohiyo ndiyo inayopanda. Kwetu Muleba njia ya watu wote ilikatiza katikati ya migomba yangu, na hakuna aliyepita bila kusimama mlangoni kuniamkia. Wengine niliwachoka, nikawa najifanya nimelala, na mke wangu alinicheka sana kwa hilo. Alipofariki ndipo nikakubali kuhamia mjini.

Miezi minne nilikaa nikisikiliza nyayo za watu nje ya ukuta. Hawakuniamkia kwa kuwa hawakuniona. Niliwachukia kidogo, sitasema uongo. Mwishowe nikachukua mbao zilizobaki kwenye ujenzi, nikagonga benchi, nikaliweka nje ya geti kwenye nyasi zilizo kati ya ukuta na barabara. Ardhi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya barabara, yaani ya watu wote, na mjini cha watu wote ni cha aliyewahi.

Nilitaka kitu kimoja tu: mtu aketi, tutafune kahawa, aniulize kwetu ni wapi. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpima kahawa katika chama cha ushirika, na kahawa naijua kuliko ninavyowajua binadamu. Nasema ile ya kutafuna, kamwani, inayochemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa. Kwa Mhaya, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Unamletea kikapu kidogo, wewe unachukua punje yako, naye anachukua yake, ndipo mazungumzo yanaanza. Basi nikaweka kikapu juu ya benchi, nikaketi pembeni yake, nikasubiri wageni.

Mama wa kwanza kusimama alikitazama kikapu. "Shikamoo mzee. Unauzaje?"

"Siuzi, waitu, ndugu yetu. Karibu utafune."

Mkono aliokwisha kuunyoosha akaurudisha ndani ya kanga. "Asante baba, nimetoka kula sasa hivi," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Nilidhani ni yeye tu. Wiki nzima ikawa hivyohivyo: wanauliza bei, nasema hakuna bei, wanaondoka. Mjini kilichowekwa kando ya barabara kinauzwa, na kisichouzwa kina walakini. Wazee wetu walichanjia undugu kwa punje ya kahawa iliyoguswa na damu, na hata waliozaliwa mjini wamesikia habari hizo. Nani angepokea punje kwa mzee asiyemjua, aliyetokea nyuma ya geti jeusi? Kosa lilikuwa langu. Kahawa ya mgeni hutolewa nyumbani, mgeni akiwa amekuja mwenyewe. Mimi niliibeba nikaipeleka barabarani kutafuta wageni.

Aliyekuja kuketi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kitendaguro, aliyekuwa akitembeza nyanya kwa beseni kichwani. Aliketi kwa kuchoka, wala si kwa ajili yangu. Nilipomweleza yanayonisibu akanishauri niandike bei hata ya uongo, watu watachukua. Nikamwambia mimi si machinga. Akacheka, akachukua punje moja, akatafuna. Nikakaa vizuri, nikalisubiri lile swali. Kabla hajamaliza kutafuna, mteja akasimama kuulizia nyanya, kisha mwingine, na beseni likaisha palepale bila kutembezwa. Kesho yake akaja na meza.

Baada ya meza likaja turubai. Mvua za Bukoba hazina ratiba, kwa hiyo waliokimbilia chini ya turubai walikuta nyanya, na waliofuata nyanya walikuta benchi. Bodaboda wakafuata watu. Wakafukia matairi mabovu nusunusu, wakayapaka chokaa, yakawa viti na mpaka wa maegesho yao. Mmoja akaleta ubao wa drafti wenye kete za vizibo vya soda. Mwingine akapanda maua katika ndoo zilizotoboka. Watu wa idara ya barabara walikuja wakapiga alama nyekundu kwenye meza. Meza ikarudi nyuma hatua mbili, na walipoondoka ikasogea mbele hatua tatu. Niliyatazama hayo yote kwa furaha ya mtu aliyechokoza jambo, ila sikuwa na wa kumwambia kwamba nimefurahi.

Nikitoka getini asubuhi walisema, "Pisheni, mzee akae." Walinipisha kwelikweli, kwa adabu ambayo sina la kuilaumu. Shikamoo, marahaba, habari ya kuamka, nzuri. Halafu wanarudi kwenye mpira na bei ya mafuta, nami nabaki katikati yao nimenyamaza. Kahawa yangu sasa ililiwa, tena kikapu kizima kila siku. Mkono ulikuja wenyewe ukachukua punje, macho ya mwenye mkono yakiwa kwenye drafti. Hata mahali pale pakapewa jina, Kwa Mzee wa Kahawa, na abiria wakawa wanaomba kushushwa hapo. Siku moja dada mmoja alisimama amenipa mgongo, akimwelekeza mtu kwenye simu: njoo mpaka Kwa Mzee wa Kahawa, utaniona. Alipokata simu akaniomba nisogee kidogo aweke mkoba wake.

Nilikuwa mpweke. Naliandika hivyohivyo lilivyo kwa sababu nimechoka kuliita presha.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha nikapata habari kwamba mdogo wangu, niliyemwachia kibanja, ameteleza na mkungu wa ndizi begani akavunjika mguu. Nikafunga geti kwa kufuli, nikaenda Muleba. Sikumuaga mtu. Nimuage nani? Niliondoka mapema, mama wa nyanya akiwa bado hajafika, tena niliondoka mapema makusudi. Nilitaka nione kama yupo atakayeuliza. Nilikaa kule miezi mitatu nikipalilia na kupunguza majani ya migomba, na simu yangu haikuita isipokuwa alipopiga binti yangu. Kila jioni niliitazama na kusema, unaona?

Mguu wa mdogo wangu ulipopona nikarudi. Stendi ya Bukoba bodaboda mmoja akanipokea begi, akauliza wapi. Nikamjibu, kwa mara ya kwanza na kwa haya kidogo, "Kwa Mzee wa Kahawa."

"Napajua. Ndipo kijiwe changu."

Tulipoanza kupanda kilima sikuweza kujizuia. "Na huyo mzee mwenyewe yupo?"

"Ameshafariki, baba. Mimi nimehamia pale juzijuzi, sikumkuta. Wananiambia alikuwa mzee mwema."

"Alikufa na nini?"

"Presha."

Nikashika kiti cha pikipiki kwa mikono miwili. Mtu akipewa habari ya kifo chake njiani, adabu inamtaka aseme nini? Nilisema pole. Akasema ahsante, tumeshapoa.

Mama wa nyanya aliniona nikishuka. Alikuwa akimpimia mteja, akaweka chini alichoshika, akazunguka meza, akapiga magoti kwenye vumbi kama wanavyofanya mama zetu vijijini. Akanishika mikono yote miwili.

"Tata, baba yangu," akasema. "Sisi tumekulilia."

Akanieleza akiwa bado amepiga magoti. Siku ya kwanza walidhani nimelala. Siku ya pili waligonga geti, siku ya tatu wakaligonga kwa jiwe, ndipo walipoona kufuli. Wiki hiyohiyo gari lenye jeneza lilikuwa limepita barabara hiyo. Mmoja akasema ndiye mzee, kwa umri wangu na dawa za presha walizoniona nikimeza, na wote wakakubali. Meza ilifungwa siku mbili. Bodaboda hawakupakia pale siku mbili. Kikapu changu cha akiba, kilichobaki chini ya benchi, wakakitundika kwenye mti wa turubai, na hakuna aliyekigusa tena.

"Gari la kwenda kuzika tulilipata," akasema. "Watu walipanda, wamevaa nguo za msibani. Dereva akaniuliza, mama, tunakwenda wapi? Nikawageukia wote nikawauliza, kwao mzee ni wapi? Hakuna aliyejua. Tukakaa ndani ya lile gari mpaka jua likawa kali. Halafu tukashuka."

Jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini: mngeniuliza. Nina ulimi wa namna hiyo, mke wangu aliujua. Lakini mwanamke huyu alikuwa ameketi ubavuni mwangu miaka miwili, na sikujua ana watoto wangapi, wala kama mumewe yuko hai. Nilikuwa nimesubiri kuulizwa, na wakati wote huo sikumwuliza mtu chochote. Nikaona aibu kuliko nilivyopata kuona tangu nizaliwe.

Nikamwinua tukaketi. Nikamwambia, ukitoka hapa unapita Kemondo, unapita Muhutwe. Kabla hujafika Muleba mjini unaiacha lami mkono wa kulia, penye mnara wa simu. Unashuka hadi kanisa la Kilutheri lenye bati jekundu, na nyuma ya kanisa ndipo migomba yetu inapoanzia. Kaburi la mke wangu lina vigae vyeupe, na pembeni yake pameachwa nafasi.

Aliirudia njia yote tangu Kemondo, polepole, akikunja kidole kimoja kwa kila mahali. Penye mnara alikosea, akasema kushoto. Nikamrekebisha, naye akaanza upya.