Mshono wa Mgongoni

Shemeji yangu, dada wa mke wangu, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Jemedari. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya ukali, ingawa ukali anao wa kutosha kugawia watu. Alipewa kanisani. Yeye ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi mchana, na akianza kumkemea shetani, hata mlinzi wa getini anavua kofia. "Tunamfyeka! Tunamsambaratisha! Hana chake hapa!" Mchungaji wetu, mtu wa sauti ya chini, siku moja akasema huyu si mama wa maombi tu, huyu ni jemedari. Jina likashika palepale.

Mimi namjua kuliko hao wote, maana tunagawana chumba cha kazi. Upande wa dirishani ni wake: cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na mama mkwe wangu, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Upande wa mlangoni ni wangu, mimi fundi viatu: benchi, nyundo, makopo ya gundi, na harufu ambayo shemeji huilalamikia tangu anafungua mpaka anafunga. Katikati tumeweka pazia. Pazia linazuia macho, masikio haliyawezi. Kwa hiyo ninayosimulia hapa sikuhadithiwa na mtu, niliyasikia mwenyewe nikiwa na misumari mdomoni.

Kwanza mjue anavyofanya kazi. Mafundi wengi ukiwapelekea kitambaa, kinachobaki hukioni tena, na wala huulizi. Jemedari hapana. Anakusanya kila kipande, hata chembamba cha upana wa kidole, anakifunga na uzi na kukuwekea ndani ya nguo yako. Watu humwambia, mama, hivi vya nini, si utupe tu? Anajibu, "Katupe mwenyewe, mimi si vyangu." Mume wake, dereva wa lori, mtu mpole mpaka anakera, anasema alianza kumpenda siku aliyorudishiwa suruali yake pamoja na kifurushi cha vipande. Alikifungua akidhani ni barua.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwita mwizi wa kitambaa, umemmaliza. Na ndicho alichofanyiwa.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la vitambaa. Mwenye duka tunamwita Mama Vitambaa, mama mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika mpaka kituo cha basi. Yeye na Jemedari walikuwa chanda na pete. Mwaka jana mteja mmoja alinunua kitambaa pale, akakileta kwa Jemedari, na kwenye kukata, mikono ikakosa kitambaa. Mteja akarudi dukani kulalamika. Mama Vitambaa, duka likiwa limejaa watu, badala ya kuchukua futi apime upya, akasema, "Mimi nimekata sawasawa. Kamuulize fundi wako vipande vinakwenda wapi."

Basi! Ilipofika Jumapili, kanisa zima lilikuwa linajua kwamba Jemedari anakula vitambaa vya watu. Sare za akina mama, ambazo alizishona miaka yote, zikapelekwa kwa fundi mwingine, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwa nini. Siku aliyowaona wamezivaa alirudi chumbani kwetu kwa kazi akalia nyuma ya pazia. Mimi nikawa napiga nyundo kwenye soli isiyo na kosa lolote, ili asijue kwamba namsikia.

Hakugombana na mwenzake. Wakikutana walisalimiana vizuri, habari za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima, kisha kila mtu akageuza uso. Na kila asubuhi, akiwa anapangusa cherehani, Jemedari aliniambia, "Shemeji, yule mama mimi nilishamsamehe." Sikuwa nimemuuliza.

Sasa binti wa Mama Vitambaa akapata mchumba, na harusi ikapangwa Jumamosi. Mama mtu akampa gauni lake yule fundi mwingine. Fundi akalibana makwapani, mama wa watu akawa hawezi kuinua mkono hata wa kupungia wageni. Jumatatu ya wiki ya harusi mlango wetu ukafunguliwa, nikaona tumbo kwanza, halafu mwenyewe, amebeba kitambaa kipya cha zambarau, kizuri kuliko vyote dukani kwake, akapitiliza hadi nyuma ya pazia.

"Mwenzangu, habari za siku nyingi!" Eti siku nyingi! Duka lake liko hapo mbele, tunaona mpaka anachokula. "Nimekwama. Nishonee gauni, Ijumaa nilichukue. Binti kasema bila wewe hakuna harusi."

Hakuomba radhi. Hakugusia chochote. Nilitema misumari nikasubiri kusikia Jemedari akifyeka. Badala yake nikamsikia anasema, kwa sauti tamu ya kutia mashaka, "Simama wima nikupime."

Mama alipoondoka, nilifunua pazia. "Shemeji, una roho ya ajabu. Mimi ningemshonea kwa mate."

"Nilishamsamehe," akasema, akaanza kuchora kwa chaki.

Jumanne cherehani ililia siku nzima. Jumatano asubuhi ililia, kisha ikanyamaza. Ukikaa miaka karibu na cherehani, ukimya wake unaushtukia. Nikachungulia. Jemedari alikuwa na sindano mkononi, anashona mgongo wa gauni, kuanzia kiunoni kushuka, huku akiimba wimbo wa sifa kwa nguvu sana. Alikuwa anapiga bandi. Bandi ni ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kitambaa kwa muda, kabla ya kupitisha cherehani. Ukiivuta kidogo tu inaachia. Nikangoja apitishe cherehani. Hakupitisha. Alichukua bitana, akaifunga juu yake vizuri, akapiga pasi, akatundika gauni.

Nikaelewa. Gauni lingevaliwa, lingependeza, lingeingia kanisani kwa madaha. Halafu Mama Vitambaa, pale kiti cha mbele, mbele ya wakwe na mchungaji, angekaa.

Jamani, nilifurahi! Niliona hiyo ndiyo haki, na nikaanza kupiga rangi viatu vyangu vya harusi ili nipate nafasi ya mbele. Shemeji mwenyewe hakuwa na furaha hiyo. Siku hiyo alikata kitambaa cha mtu vibaya, akaunguza kola kwa pasi, na nilipomuuliza kama mgongo wa gauni umekwisha akanijibu, "Kwani wewe umeanza lini kushona nguo?"

Alhamisi mchana akaenda kwenye maombi yake. Kwa kawaida harudi mpaka jua limelegea. Siku hiyo hata chai sikuwa nimemaliza, nikamwona anavuka barabara mbio, kitambaa cha kichwa kimeshuka mabegani, Biblia kaikumbatia. Kwenye benchi langu alikuwa amekaa mwalimu mmoja wa hisabati, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi, anasubiri kisigino. Jemedari akatupita bila salamu, akaingia nyuma ya pazia, na tukamsikia:

"Toka! Toka humu ndani! Umekaa kwangu tangu Jumatatu, huna hata haya! Nani alikukaribisha?"

Mwalimu akasimama. "Samahani mama, mimi nimekuja sasa hivi. Nasubiri kisigino tu."

"Leo leo utoke! Na usirudi!"

Mwalimu akatoka na soksi yake. Nilimwita, akasema atatuma mtu. Nikafunua pazia. Shemeji alikuwa amegeuza gauni nje ndani, ana wembe mkononi, anafumua bitana huku machozi yanamtoka.

"Una nini wewe? Umemfukuza mteja wangu!"

"Nimeshindwa kuomba," akasema. "Nimesimama pale mbele ya akina mama, nikasema tumfukuze adui nyumbani mwetu, atoke kazini kwetu. Ulimi ukaniganda, shemeji. Nawaambia watu tukamtafute adui, na mimi nimemwacha dukani kwangu, amekalia kiti changu, ananishikia uzi! Nikawaambia naumwa tumbo. Uongo juu ya uongo!"

Akavuta bandi. Ikatoka yote kwa mvuto mmoja, kama nilivyojua ingetoka. Nikauona uhondo wangu wa Jumamosi unakwenda nao.

"Lakini shemeji," nikasema, "hebu tulia. Yule mama alikuharibia jina. Wewe umwachie hivihivi? Gauni likipasuka, nani atajua? Nguo hupasuka. Mungu mwenyewe anajua nani alianza."

Jemedari akainua macho akanitazama sawasawa. "Kwa jina la Yesu, shindwa!"

Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Hilo neno la 'nani atajua' nimelisikia tangu jana, nilidhani ni mawazo yangu. Funga pazia."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nikarudi kwenye benchi nikagongelea kisigino cha mwalimu kwa hasira mpaka kikapinda, nikakitoa, nikaanza upya. Nyuma ya pazia cherehani ikaanza kulia. Ilipita mgongoni mara moja, ikarudi, ikapita tena. Aliufunga mshono ule kiasi kwamba gauni lingechanika kila mahali isipokuwa hapo.

Ijumaa asubuhi Mama Vitambaa akaja kuchukua gauni. Alivalia nyuma ya pazia, kisha akatoka nalo upande wangu, kwenye mwanga. Lo! Lile zambarau lilimkaa, tumbo lote lile likawa heshima. Akajigeuza mbele yetu, kushoto, kulia, akainua mikono yote miwili juu kama anayesimamisha basi. Kisha akashika pindo, akaligeuza, akachungulia mshono wa ndani. Muuza vitambaa haibiwi kirahisi. Akaupapasa wote, akauvuta kwa nguvu. Akaanza kulia.

"Ona," akasema. Akafungua mkoba, akatoa sindano na kijiti cha uzi wa zambarau. "Nimekuja navyo. Nilijua utaniharibia. Ningekuwa mimi, baada ya yale niliyosema, ningekuharibia. Nimekesha nikiwaza, na kumbe mwenzangu umenishonea hivi. Mwanamke, wewe ni mtu wa Mungu kweli. Wewe shetani hakuwezi."

Mimi nikaweka nyundo chini. Mambo yamekwisha, tena vizuri kuliko harusi yenyewe! Kilichobaki ni shemeji kuinamisha kichwa na kusema sifa ni kwa Mungu. Jina lake lingekuwa limerudi, na kwa sauti ile ya Mama Vitambaa, kufikia mchana mtaa wote ungekuwa umesikia. Lakini nilipomwona uso wake nikajua ana neno. Nikamkonyeza. Nikamtikisia kichwa. Nikakohoa mpaka koo likauma. Maana akilisema, yule mama mwenye domo lile angekuwa, kwa mara ya kwanza, na jambo la kweli la kumtangazia.

"Si hivyo," Jemedari akasema. "Nilikupigia bandi."

"Nini?"

"Huo mgongo. Niliushona kwa bandi nikaufunika na bitana. Ulikaa hivyo mpaka jana. Nilitaka upasuke kanisani. Nilikuwa nakwambia nimekusamehe, hapana, nilimwambia huyu shemeji, na nilikuwa sijakusamehe hata kidogo. Nimeufumua jana. Unisamehe."

Mimi nikaacha kukohoa. Mama Vitambaa akapeleka mkono nyuma polepole, akajishika pale mshono unapopita.

"Ungepasukia wapi hasa?"

"Ukikaa."

"Kile kiti cha mbele?"

"Kile."

"Mbele ya wakwe zangu?"

"Na mchungaji."

Mama wa watu akaguna. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena, nikatafuta pa kukimbilia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika benchi langu, akakaa, pwaa, na gauni halikutoka hata uzi. Jemedari alibaki amesimama, hajui acheke au alie, akafanya vyote viwili.

"Nilimpunja," Mama Vitambaa akasema akijifuta macho. "Yule mteja. Futi iliteleza, nikaona, nikanyamaza. Alipokuja kulalamika mbele ya watu, nikaona aibu, nikakutupia wewe. Vipande vyako nani asiyevijua? Vya kwangu ninavyo sanduku zima nyumbani. Nimeshindwa kuja kwako mwaka mzima, hadi gauni likanileta."

"Mwaka mzima mimi namfukuza shetani kule kanisani," Jemedari akasema.

"Na alikuwa kwangu dukani, kwenye futi."

"Kwako na kwangu. Alikuwa anavuka barabara tu."

Wakakumbatiana hapo kwenye makopo yangu ya gundi, na mimi nikasogeza kopo moja lisimwagikie zambarau, maana kuna watu lazima wafikirie. Kisha Mama Vitambaa akajinasua, akasema hawezi kusubiri Jumapili, ikifika Jumapili atakuwa ameshaogopa. Akatoka na gauni lake la harusi mwilini, Ijumaa asubuhi, mtaa mzima unatazama. Akavuka barabara, akaingia dukani kwake. Tulimwona kupitia mlango anakunjua jora lilelile la mwaka jana, anapima kwa futi, anakata. Akatoka na kipande mkononi, akashika njia ya kwenda kwa yule mteja. Kila aliyemuuliza anakwenda wapi hivyo alivyo, alimjibu kwa ile sauti yake:

"Nakwenda kurudisha kitambaa! Fundi hakula kitu, nilikula mimi!"

Jemedari alisimama mlangoni, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, futi ikiwa bado shingoni. "Inua pindo!" akapiga kelele. "Inua pindo, mwenzangu, kuna vumbi!"