Mwezi wa Mei Sanamu Ilipotupita

Mama yangu ana kitambaa cheupe ambacho hakina kazi nyingine duniani ila kutandikwa chini ya sanamu ya Bikira Maria. Alikidarizi mwenyewe pembeni kwa uzi wa buluu alipokuwa bado anaona vizuri. Mwaka mzima hukaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni wa zamani, wa kabla ya serikali kuipiga marufuku mifuko hiyo. Hutoka Mei na Oktoba, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi ambayo sanamu hutembea.

Inatembea kweli. Kila jioni ya miezi hiyo wanajumuiya wetu, Wakatoliki wa mtaa huu wa Huruma, huichukua kutoka nyumba ilipolala, wakaipeleka kwa jirani anayefuata huku wakiimba, wakasali rozari hapo, wakaiacha mpaka kesho. Urefu wake ni kama chupa kubwa ya soda. Mkono wake mmoja uliwahi kuvunjika, ukaunganishwa na fundi wa Kariobangi aliyezoea kuziba masufuria, na tangu hapo Mama wa Mungu hutubariki kwa mkono uliopinda kidogo, kama mtu anayesimamisha boda boda.

Kwa mama yangu, sanamu hiyo ilikuwa kanisa lenyewe likipanda ngazi. Anaishi ghorofa ya nne na magoti yake yamekwisha. Tangu kabla ya Krismasi iliyopita hajashuka chini. Misa anaisikiliza kwenye redio, lakini redio haimtembelei mtu, haiketi, hainywi chai, haimuulizi habari za magoti. Tangu Pasaka alikuwa akihesabu siku zilizobaki kufika Mei.

Mimi naishi naye. Nimeshapita miaka hamsini, nina shahada mbili, na nilirudi kwa mama na maboksi mawili ya vitabu baada ya mke wangu kumaliza subira aliyokuwa nayo. Nawaambia watu kwamba nimekuja kumtunza mzazi. Mama naye huwaambia hivyohivyo, kwa huruma yake. Jirani zetu huniita profesa. Sijawahi kuwa profesa, na wao wanajua.

Jumapili moja baada ya Pasaka ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya kwa sala za kawaida. Mama alikuwa ameazima viti vya plastiki nyumba tatu na kukanda unga wa mandazi tangu alfajiri, akiwa ameketi. Somo la siku hiyo lilikuwa la mchungaji na kondoo wake, na wale wengine wa zizi la mbali ambao nao atawaleta. Baada ya kusoma huwa tunashirikishana, yaani kila mtu anasema neno lililomgusa. Watu walisema mambo ya kawaida: uvumilivu, watoto waliopotea, mwenye nyumba. Ilipofika zamu yangu, ningeweza kusema uvumilivu.

Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimesoma makala kwenye simu kuhusu sayari za mbali ambazo huenda zina maji. Nilisoma nusu, kisha bando likaisha. Kwa nusu hiyo nikafungua kinywa. Nikasema labda kondoo wa zizi lingine ni viumbe wa sayari nyingine. Nikasema ulimwengu ni mkubwa mno, Mungu hawezi kuwa ameumba yote hayo kwa ajili ya watu wa Huruma peke yao. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia nikijisikia vizuri. Na nyota zenyewe siwezi kukuonyesha hata moja: nje ya dirisha letu kuna mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, inayomeza mbingu yote jua likizama.

Mwanzoni walicheka.

"Prof, na hao watu wa huko wanaongea nini?" akauliza msusi wa ghorofa ya kwanza.

"Si ni Sheng," mumewe akajibu. "Hiyo imefika kila mahali."

"Sheng ya Huruma ama ya Kariobangi? Maana ile ya Kariobangi mimi hata sielewi."

Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli akainua mkono kama yuko darasani. "Mimi nina swali moja tu, mwanangu. Hao watu walikula tunda?"

"Tunda gani, mzee?"

"Lile. La bustanini. Kama hawakula, hawana dhambi, hawana haja ya mwokozi. Na kama walikula, basi Yesu alienda kufa huko pia. Sasa nieleze, amekufa mara ngapi?"

Nikamwambia hata wasomi wakubwa swali hilo linawasumbua.

"Basi wangenyamaza kwanza," akasema, akachovya andazi kwenye chai.

Hapo ningeweza kucheka pamoja nao, mambo yakaisha. Lakini mwenyekiti wa jumuiya alikuwa hajacheka. Ni mama mwenye bucha Soko la Burma, mikono mipana, sauti ya chini. Akaweka kikombe.

"Profesa, hao kondoo wa zizi lingine ni sisi. Babu yangu kule kwetu magharibi alifundishwa hivyo, na mimi nikafundishwa hivyo. Waliitwa wale wa kwanza, halafu tukaitwa sisi wa mbali. Hapo ndipo sisi tunapotajwa. Sasa wewe umeketi hapo na mandazi ya mama yako mkononi, unachukua nafasi yetu unawapa watu wa nyota. Sisi tusimame wapi?"

Lilikuwa jambo la maana kuliko yote niliyowahi kusikia katika mihadhara ya chuo kikuu. Nalifahamu hilo sasa. Wakati ule nilichosikia ni kwamba nimepingwa mbele ya watu. Nikajibu, "Mama, tusiwe na choyo na Mungu."

Choyo. Nilimwambia hivyo mwanamke ambaye kila Jumamosi huwapelekea wagonjwa wa ploti tatu mifupa ya supu, mama yangu akiwa wa kwanza. Mama yangu akasema, "Maliza chai yako," na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya nilipokuwa na miaka saba.

Walipoondoka nikaanza kupanga viti. Mama alikuwa anayakanda magoti yake kwa dawa.

"Hao watu wako wa huko juu, wana magoti?"

"Labda hawana, mama."

"Basi wana bahati."

Nikadhani amenisamehe.

Siku mbili kabla ya Mei kuanza, orodha ya safari ya sanamu ikabandikwa langoni. Nikaipiga picha nimpelekee mama. Huandikwa kwa namba za nyumba. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akashuka na orodha mpaka chini, akapanda nayo tena. Kutoka ghorofa ya tatu sanamu ilikuwa inakwenda ya tano. Namba yetu haikuwepo.

"Wamesahau," akasema.

"Labda."

Akatoa kitambaa sandukuni, akawasha pasi.

Nikaenda Burma. Mwenyekiti alikuwa anakata mbavu na hakuacha kukata.

"Mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini kuna wanaosema hawawezi kuingia na Mama Maria kwenye nyumba ambayo mtu anawaambia wana choyo na Mungu. Na wengine wanaogopa tu hayo mambo ya sayari, wanasema ni mapepo. Jumapili simama mbele ya watu useme ulikosea. Mstari mmoja. Usihubiri. Nitaandika namba yenu kwa kalamu yangu mwenyewe."

"Nitafikiria," nikamwambia.

"Ni mstari mmoja, profesa. Unafikiria nini?"

Alinifungia matumbo kwenye gazeti, akasema nimpelekee mama.

Nilifikiria karibu majuma matatu. Jumapili zikaja, sikwenda jumuiya. Nilijiambia siwezi kuukana ukweli, na kwamba kuna watu zamani waliochomwa moto kwa kusema habari za nyota. Nikawa natembea barabara za Huruma nikijiona shahidi wa sayansi, mimi niliyepata D ya fizikia. Kama kuna kitu hai kwenye sayari yoyote, sikuwa najua, na kusema kweli sikuwa najali. Nusu ya pili ya ile makala sijaisoma mpaka leo. Nilichokuwa nalinda ni ile sauti yangu. Kila siku mama alinipa chakula cha jioni na hakuniuliza kitu.

Jioni yenyewe ya sanamu kutupita ilifika, jua likiwa bado liko juu ya mabati. Tukasikia wimbo ukianza ghorofa ya tatu. Mama alikuwa ametandika kitambaa mezani, ameweka maua ya karatasi na mshumaa, amevaa gauni lake la Chama cha Akina Mama na leso mpya kichwani.

"Mama, hatuko kwenye orodha."

"Najua kusoma. Fungua mlango."

Nikafungua. Walikuwa wanapanda: mwenyekiti mbele na rozari, nyuma yake msusi akiwa amebeba sanamu kifuani kama mtoto, kisha mzee wa reli akivuta pumzi kwa tabu, kisha wengine. Walipofika mlangoni kwetu wimbo ukapungua, ukawa wa watu wawili watatu. Msusi akasimama. Alikuwa amekula kwenye ile meza mara nyingi kuliko mimi. Akamwangalia mama, akaangalia kitambaa, akamgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti akaniangalia mimi. Alikuwa ananisubiri.

Mama akasema nyuma yangu, taratibu, "Sema, baba." Huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Hakuwa ameniita hivyo kwa muda mrefu.

Niliona kitambaa. Niliona ule mkono uliopinda ukielekea kwetu. Nikafungua kinywa, na haya ndiyo yaliyotoka: "Ningependa kufafanua. Mimi sikusema kwamba wapo. Nilisema inawezekana wapo, na kuna tofauti kati ya..."

"Haya, twendeni," mwenyekiti akasema.

Wakapanda. Nilikuwa bado nina maneno kinywani wakati miguu ya mwisho ilipopinda kona ya ngazi.

Mama aliinuka. Nikamshika mkono, akautoa. Akapita mlangoni, akashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, akaanza kuwafuata. Ngazi ni kumi na sita kutoka kwetu hadi ghorofa ya tano. Alipanda kila moja kama anayehamisha kabati. Kwenye ya tisa akaketi, akahema, mimi nikiwa chini yake nimenyoosha mikono nisijue ya kushika nini. Hakugeuka. Huko juu walikuwa wameanza rozari, naye akaitikia kutoka pale ngazini, kila Salamu Maria, akainuka akaendelea.

Kurudi hakuweza. Walimshusha kwenye kiti cha plastiki, mzee wa reli akielekeza kana kwamba wanashusha mzigo kwenye behewa, mume wa msusi na jirani mwingine wakibeba, wanawake wakiimba. Waliimba wimbo uleule wa sanamu. Wakaweka kiti kizingitini. "Prof, sogea," mume wa msusi akaniambia, kwa kuwa nilikuwa nimeziba njia. Wakamsogeza ndani kwa kiti chake, wakamtakia usiku mwema mmoja mmoja, na hakuna aliyeketi. Mandazi aliyowapikia yalibaki kwenye hotipoti. Tuliyala siku tatu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye sala za jumuiya. Baada ya kusoma nikasimama, nikasema, "Nilikosea, naomba mnisamehe." Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu. Walipiga makofi. Mwenyekiti alinikumbatia, akinuka sabuni na nyama mbichi. Hakuna aliyeuliza nilikosea nini, watu wa nyota au choyo. Lakini siku za Mei zilizobaki zilikuwa zimeshagawanywa kwa nyumba nyingine.

Nikarudi kumwambia mama. Alikuwa kitandani. Tangu siku ya ngazi goti la kushoto lilikuwa limevimba na hakuwa anakanyagia mguu huo.

"Umesema ulikosea?"

"Ndiyo."

"Na unaona ulikosea?"

"Juu ya zile sayari, hapana. Sijui. Nilisema kwa ajili yako."

"Basi umesema uongo mbele ya msalaba."

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Akageukia ukuta. "Si ungeusema siku ile mlangoni. Ulikuwa uongo uleule."

Sasa ni Oktoba. Orodha mpya iko langoni na namba yetu imo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, wiki ya mwisho. Nilimpelekea mama picha. Aliikuza kwa vidole viwili, akanirudishia simu.

Jana alipiga kitambaa pasi akiwa ameketi kitandani, ubao juu ya mapaja. Nilimuuliza niazime viti vingapi. Akasema viti vitaletwa na msusi, wameshaongea. Mandazi pia yatapikwa na msusi. Nikamuuliza basi mimi nifanye nini.

"Wewe siku hiyo utoke," akasema. "Nenda Burma ule nyama. Urudi wakishamaliza."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Aliendelea kupiga pasi pembeni, pale penye uzi wa buluu, polepole ili usiungue.

"Na wakiniulizia?"

"Nitawaambia umeenda kwa watu wako wa huko juu."